Jedwali Lisikudanganye: Jinsi ya Kuusoma Msimu wa Futi ya Australia

Mabibi na mabwana, wazee wetu, dada na kaka, na nyinyi vijana mlioyaacha mazoezi mkaja kusikiliza: wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Kila mwaka ukifika mwezi wa nane, ligi kuu ya futi inapoelekea ukingoni, unamkuta shabiki kafungua jedwali kwenye simu, kidole kinashuka kwenye safu ya ushindi, na hukumu inatoka palepale: hawa wazuri, wale wabovu, bingwa ni fulani. Jedwali la futi halisomwi hivyo. Safu ile inakwambia timu imeshinda mara ngapi. Haikwambii imeshindaje, imemshinda nani, wala imesafiri umbali gani kwenda kushinda. Mambo matatu ndiyo yanayoupindua msimu huku watu wakiangalia kwingine: asilimia, bihaindi na ratiba. Nitakaa zaidi kwenye mawili ya kwanza, maana ndiko wengi wanakopotelea.

Kwa walio wageni, maelezo mafupi. Ligi inaitwa AFL, ina timu 18. Mchezo wenyewe ni wa Melbourne. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1859, na ligi ikaanza 1897 na klabu 8 za jimbo la Victoria. Jina la AFL lilikuja 1990, baada ya Sydney, Perth na Brisbane kuwa na timu zao ndani. Wanacheza 18 kwa 18, mpira wa umbo la yai, uwanja nao wa umbo la yai. Kila upande una nguzo nne zilizopangwa mstari mmoja: mbili ndefu katikati, mbili fupi pembeni, na kila mwanya kati ya nguzo na nguzo ni mita 6.4. Mpira ukipigwa kwa mguu na mshambuliaji ukapita kati ya zile ndefu bila kuguswa na mtu, hilo ni goli, pointi 6. Ukipita mwanya wa pembeni, ukigonga nguzo ndefu, au ukiguswa njiani ukaingia, hiyo ni bihaindi, pointi 1. Ndiyo maana utaona matokeo yameandikwa 12.18 (90): magoli 12, bihaindi 18, jumla pointi 90. Kwenye jedwali ushindi una alama 4, sare alama 2, aliyefungwa hana kitu. Naomba tuseme "alama" kwa za jedwali na "pointi" kwa za uwanjani, tusije tukachanganyana.

Sasa asilimia.

Soka limetuzoesha tofauti ya magoli: uliyofunga, toa uliyofungwa. Futi haitoi, inagawanya. Chukua pointi zote timu ilizofunga tangu raundi ya kwanza, zigawanye kwa zote ilizofungwa, zidisha kwa 100. Ukipata 100 kamili, umetoa sawa na ulichopokea. Timu mbili zikilingana alama, hiyo asilimia ndiyo inayozipanga. Kwa kuwa ni mgawanyo, ina tabia ambayo tofauti ya magoli haina, na naomba tuitazame kwa hesabu.

Timu imefunga pointi 2,000 na kufungwa 1,600. Asilimia yake ni 125. Ipe washambuliaji waiongezee pointi 10: 2,010 kwa 1,600, inakuwa 125.6. Sasa waache washambuliaji, wape mabeki kazi ya kuokoa pointi 10 zilezile: 2,000 kwa 1,590, inakaribia 125.8. Pointi ni 10 hizohizo, lakini beki kakupa zaidi. Kwa timu yoyote iliyovuka 100, pointi iliyookolewa ina thamani kuliko pointi iliyofungwa, na timu ikizidi kuwa nzuri ndivyo pengo hilo linavyokua. Kwa hiyo unapomwona kocha anachagua mechi ngumu ya pointi 60 kwa 40 badala ya 110 kwa 90, usiseme anaogopa. Kashinda kwa pointi 20 zilezile, lakini mgawanyo wa mechi ya kwanza ni 150 na wa ya pili ni 122 hivi.

Kuna anayeuliza: hizo desimali zina kazi gani? Zina kazi. Msimu wa 2017 West Coast na Melbourne walimaliza wote wakiwa na ushindi 12 na vipigo 10. Alama sawasawa. West Coast walikuwa na asilimia 105.7, Melbourne 105.2. West Coast wakashika nafasi ya 8, wakaingia fainali, yaani mchujo wa timu nane za juu unaomtafuta bingwa. Melbourne wakawa wa 9, msimu ukaishia hapo. Hiyo nusu ya asilimia, kwa timu iliyofungwa pointi kama 1,900 mwaka mzima, ni pointi 9 au 10. Goli moja na bihaindi tatu au nne, kwa mechi 22.

Pointi hizo hupotea wapi? Hupotea mahali ambapo hakuna anayeangalia. Timu inaongoza kwa pointi 50 robo ya nne, mashabiki wameanza kutafuta funguo za gari. Idadi ya mabadiliko ya wachezaji ina kikomo, kwa hiyo kocha anawalinda wachezaji wake wakuu, anawaweka benchi au anawasogeza mbele wakae tu. Wapinzani wanafunga magoli manne ya kujifariji. Ni pointi 24 zimeingia upande wa "uliofungwa", na kesho gazeti linasema timu imeshinda kwa raha. Sisemi kocha kakosea. Miguu ya mtu aliyekimbia kilomita 12 na zaidi lazima ihifadhiwe. Nasema gharama yake iandikwe. Mtu anayefuatilia timu yake kwa makini aandike robo ya nne peke yake, kila wiki: tumefunga ngapi, tumefungwa ngapi. Baada ya raundi kumi ataona kitu ambacho jedwali halimwonyeshi.

Ndiyo maana nawapenda mabeki wanaokatiza mipira kuliko wafungaji, na hapa pana mtu anayetuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Aliir Aliir alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Alianza ligi kuu akiwa na Sydney, akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021, msimu wake wa kwanza huko, akachaguliwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha Australia nzima. Mtazameni anavyocheza. Mpinzani anapopiga mpira mrefu kwenda mbele, Aliir hashindani kwanza na mtu wake. Anamwacha hatua mbili, anausoma mpira ungali juu, kisha anaruka kutoka pembeni na kuudaka. Daka la namna hiyo linahesabika mara mbili: shambulizi limekufa, na timu yake imepata mkwaju huru wa kuanzia upande wa pili, wakati wapinzani wote wamesogea mbele. Kosa linalowapata vijana wanaomwiga ni kumwacha mtu mapema mno. Mpigaji akiona umeondoka, anapunguza nguvu na mpira unamkuta mshambuliaji akiwa peke yake. Subira mpaka mguu uuguse mpira, ndipo uondoke.

Nisiwapeleke upande mmoja lakini. Asilimia nayo inaweza kudanganya usipouliza imetoka wapi. Mwaka 2025 Western Bulldogs walishinda mechi 14, wakawa na asilimia nzuri kuliko timu kadhaa zilizofuzu, na bado wakamaliza wa 9, nje. Waliwaponda wanyonge, wakakwama mbele ya wakubwa. Ushindi wa pointi 90 dhidi ya timu ya mkiani unapandisha asilimia kweli, ila alama ni zilezile 4. Kwa hiyo gawa asilimia ya timu yako mafungu mawili: dhidi ya walio nusu ya juu ya jedwali, na dhidi ya walio nusu ya chini. Fungu la kwanza likiwa chini ya 90, hata kama jumla ni 130, mimi simpi mtu huyo ubingwa.

Tuje kwenye bihaindi, hiyo pointi moja ambayo watu huipigia kofi la huruma.

Geelong ya 2008 ilipoteza mechi moja tu kati ya 22 za msimu wa kawaida. Kwa macho yangu ni moja ya timu bora kupata kuonekana bila kuchukua kombe la mwaka wake. Ikafika Fainali Kuu, mechi ya mwisho ya kuamua bingwa, dhidi ya Hawthorn, ikapata nafasi za kufunga 34 dhidi ya 25 za wenzao, ikafungwa. Matokeo: Hawthorn 18.7 (115), Geelong 11.23 (89). Soma vizuri hiyo 11.23. Katika hizo bihaindi 23, 11 zilipelekwa na Hawthorn wenyewe: beki akibanwa karibu na lango anausukuma mpira kwa makusudi upite nyuma, anakubali kutoa pointi 1 kuliko kuhatarisha 6, kisha timu yake inaanza na mpira mkononi. Mbinu ilikuwa halali, na ilifanya kazi vizuri mno hata msimu wa 2009 ligi ikaweka kanuni ya kuiadhibu inapofanywa bila kubanwa. Lakini zile 12 zilizobaki, na nyingine zilizotoka nje kabisa, ni Geelong walizipiga wao. Mwenye kushinda mechi 21 na kupoteza moja alishindwa kuupitisha mpira kwenye mwanya wa mita 6.4.

Upande wa pili wa sarafu ni Fainali Kuu ya 2023. Brisbane walifunga magoli 13, Collingwood 12. Bingwa nani? Collingwood, 12.18 (90) kwa 13.8 (86). Aliyefunga magoli mengi kafungwa mechi. Na 2018: West Coast magoli 11, Collingwood magoli 11, sawa kwa sawa, West Coast 11.13 (79), Collingwood 11.8 (74). Kombe lilikwenda Perth kwa bihaindi tano. Watu wanakumbuka goli la Dom Sheed la dakika za mwisho, alilolipiga kutoka karibu kabisa na mstari wa pembeni, na wana haki kulikumbuka, kwani ni mkwaju wa kutetemesha magoti. Ila bila zile 13 zilizodharauliwa, goli lile lisingetosha. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba, na sijui mchezo mwingine ambao kibaba chenyewe kinahesabiwa waziwazi ubaoni kama huu.

Na 2010? Collingwood 9.14 (68), St Kilda 10.8 (68). Sare, ya tatu katika historia ya Fainali Kuu baada ya 1948 na 1977. Pointi ya mwisho, ile iliyosawazisha, ilitokana na mpira mrefu wa Lenny Hayes. Stephen Milne alikuwa akiukimbilia langoni akiwa amejiweka sawa kabisa. Mpira wa yai ukadunda, ukakata kona, ukamkwepa, ukapita pembeni. Bihaindi. Ungedunda wima, St Kilda wangekuwa mbele dakika za mwisho wakilitafuta kombe lao la kwanza tangu 1966. Wiki iliyofuata mechi ilirudiwa na Collingwood wakashinda 108 kwa 52. Tangu 2016 Fainali Kuu hairudiwi tena, huongezwa muda siku hiyohiyo, na naunga mkono kwa moyo wote. Mechi ya marudiano ilimpa kombe aliyekuwa na kikosi kipana, na hicho ni kipimo tofauti na kile kilichowafikisha hapo.

Sasa kwa nini watu wanaolipwa kwa kazi hii wanakosa mkwaju wa mita 40 mbele ya lango? Tuutazame kwa karibu, maana hapa ndipo misimu inapovunjika.

Mchezaji akidaka mpira uliopigwa umbali usiopungua mita 15, anapewa mkwaju huru. Anarudi nyuma, ana sekunde 30. Mpira anaushika wima, ncha ya juu imelala kidogo kumwelekea yeye, vidole vimetandazwa pande zote mbili. Anakimbia hatua kadhaa kwa mstari ulionyooka kuelekea lango, anauongoza mpira chini kwa mkono wa upande wa mguu anaopigia, anauachia karibu na usawa wa paja, na mguu unaikuta ncha ya chini. Mpira unaondoka ukibingirika kurudi nyuma, ncha kwa ncha. Mbingiriko huo ndio unaounyoosha hewani.

Yanayoharibika ni haya. La kwanza na kubwa kuliko yote: kuuachia mpira ukiwa juu mno. Kadiri unavyoanguka kwa muda mrefu ndivyo unavyopata nafasi ya kuinama, na ukiinama kidogo tu, mguu unaupiga ubavuni na unakwenda kombo. Siku ya upepo, kosa hili huzidi mara mbili. La pili: mkono ule mwingine unachelewa kutoka, unauvuta mpira ndani. La tatu: mtu anahisi mita 50 ni mbali, anajilaza nyuma ili aongeze urefu, mpira unapanda badala ya kwenda, unaanza kujikunja. La nne: mguu unakata kwa mshazari badala ya kufuata lango. Na juu ya yote hayo kuna uchovu. Mkwaju wa robo ya kwanza na wa robo ya nne si mkwaju mmoja. Nyonga zimekaza, hatua zimefupika, kwa hiyo mwachio wa mpira na mguu havikutani pale vilipozoea.

Halafu kuna pembe. Ukisimama mita 40 mbele ya lango kabisa, ule mwanya wa mita 6.4 unakufungulia kama digrii 9. Sogea pembeni mpaka uwe kwenye mshazari wa digrii 45, umbali uleule wa mita 40: mwanya unaouona sasa ni kama mita 4.5, digrii 6 na nusu. Lango halijapungua, jicho lako ndilo limebanwa. Kwa sababu hiyo timu yenye akili haihesabu tu imeingia mara ngapi eneo la mita 50 mbele ya lango la wapinzani. Inahesabu mikwaju yake inatoka wapi. Ukiona timu ina 8.15 wiki tatu mfululizo, usikimbilie kusema wapigaji wabovu. Mara nyingi wapinzani wamewasukuma pembeni, wamewafungia korido ya kati, na kila mkwaju unatoka kwenye ukingo. Hilo ni tatizo la wachezaji wa kiungo, na kumfanyisha mshambuliaji mazoezi ya mikwaju mia kila siku hakutaliponya.

Tofauti ya goli na bihaindi ilipata kumwumiza mtu hata alipokuwa amepiga sawa. Agosti 2023, Adelaide wakicheza na Sydney, mkwaju wa Ben Keays dakika za mwisho ulihesabiwa bihaindi kwa kuwa mwamuzi wa lango aliamini umegonga nguzo. Picha zilionyesha haukugusa. Adelaide walifungwa kwa pointi moja, wakakosa fainali, na ligi ikakiri kosa hadharani. Vifaa vya kurudia picha vilikuwepo. Mwamuzi alikuwa na uhakika, hakuomba. Naona kanuni ilikuwa na kasoro pale: kwenye pointi 6 kwa 1, uhakika wa mtu mmoja usiwe sababu ya kutotazama.

Ratiba nitaipitia haraka. Timu 18, kila moja inacheza mechi 23. Wapinzani ni 17, kwa hiyo sita utakutana nao mara mbili, na si sita sawa kwa kila timu. Ligi inagawa jedwali la mwaka uliopita mafungu matatu na kujaribu kuwapa wenye nguvu wapinzani wazito, lakini watani wa mji mmoja, kama West Coast na Fremantle au Adelaide na Port Adelaide, lazima warudiane. Kabla raundi ya kwanza haijaanza, andika hao sita wa timu yako. Mwaka ambao watatu kati yao walikuwa mkiani, ondoa ushindi mmoja au miwili kwenye sifa unazotaka kuwapa.

Halafu safari. Kati ya klabu 18, kumi ni za Victoria, na tisa kati ya hizo ni za Melbourne. Timu ya Melbourne inaweza kukaa wiki nyingi bila kupanda ndege. Timu za Perth zinaruka karibu kila wiki ya pili, kilomita kama 2,700 kwenda Melbourne, saa zinabadilika, miguu inavimba, na siku moja ya mazoezi imekufa. Hesabu pia siku kati ya mechi na mechi. Siku 7 ni kawaida, 6 zinavumilika, 5 baada ya safari ni adhabu. Na kuna kanuni ya kichwa: mchezaji akithibitika kupata mtikisiko wa ubongo, hachezi kwa siku zisizopungua 12. Maana yake anakosa mechi ya wiki inayofuata bila mjadala, na akiumia nusu fainali ya mwisho, Fainali Kuu atalitazama kombe kutoka jukwaani. Ni kanuni nzuri. Nasikitika ninaposikia shabiki anailaumu.

Fainali Kuu yenyewe kwa kawaida huchezwa MCG, Melbourne, uwanja wa watu laki moja, na mkataba umeifunga hapo mpaka mwishoni mwa miaka ya 2050. Imetoka nje ya Victoria mara mbili tu, 2020 ilipokwenda Brisbane na 2021 Perth, kwa sababu ya korona. Sydney waliongoza jedwali 2014, 2016 na 2024, mara zote tatu wakafika Fainali Kuu MCG, mara zote tatu wakafungwa. Najua Brisbane walikwenda hapohapo wakachukua 2024 na 2025. Bado naona aliyeongoza msimu mzima anastahili zaidi ya kusafiri kwenda kwa watu.

Nimalizie na fainali, kwa kuwa kuna mabadiliko na nina neno nayo. Kuanzia 2000 hadi 2025 mfumo ulikuwa mmoja. Wanane wa juu wanaingia. Wiki ya kwanza wa 1 anacheza na wa 4, wa 2 na wa 3. Aliyefungwa hapo haendi nyumbani, ana maisha ya pili. Wa 5 anacheza na wa 8, wa 6 na wa 7. Aliyefungwa hapo amekwisha. Nafasi ya 4 na nafasi ya 5, ambazo huenda zimetenganishwa na asilimia tu, ni mbingu na ardhi. Katika misimu hiyo 26, mabingwa 24 walitoka wanne wa juu. Na maisha ya pili si pambo: Brisbane 2003, Sydney 2005, West Coast 2006, Hawthorn 2015, Richmond 2020 na Brisbane 2025 wote walifungwa mechi yao ya kwanza ya fainali, wakarudi, wakabeba kombe.

Wawili waliovunja ukuta nawavulia kofia. Western Bulldogs 2016, kutoka nafasi ya 7: walishinda ugenini huko Perth, wakamtoa bingwa mtetezi Hawthorn, wakawashinda GWS (Greater Western Sydney) kwao kwa pointi 6, kisha Sydney 89 kwa 67, kombe la kwanza tangu 1954. Na Brisbane 2024, kutoka nafasi ya 5, ambao kwenye nusu fainali walikuwa nyuma kwa pointi 44 dhidi ya GWS na wakashinda. Njia ya chini ina mechi nne bila kuteleza. Inapitika, lakini miaka 26 imewapitisha wawili.

Kuanzia 2026 ligi imeongeza raundi moja kabla ya hapo: wa 7 anacheza na wa 10, wa 8 na wa 9, anayefungwa anatoka. Najua hoja ya wanaoipenda. Melbourne ya 2017 ingepata nafasi ya kulipiza ile nusu asilimia uwanjani. Bulldogs wa 2025 na ushindi wao 14 wangecheza na Hawthorn, na nani asingependa kuitazama? Lakini tazameni mechi ya pili ya mwaka uleule. Wa 7 walikuwa Gold Coast, walioanza ligi 2011 na hawakuwahi kuonja fainali hata siku moja. Walishinda mechi 15. Kwa mfumo mpya wangelazimika kwanza kumkabili wa 10, mwenye ushindi 12, na mechi moja mbaya ingefuta tofauti ya ushindi tatu iliyojengwa kwa miezi sita. Kwa mfumo wa zamani walikwenda Perth moja kwa moja kucheza na Fremantle, wakashinda kwa pointi moja. Aliyeipiga pointi hiyo ni David Swallow, dakika za mwisho. Alikuwa anatafuta goli, ukapita pembeni. Bihaindi.